Maswali Manne ya Mzee Clem

Jirani yangu Mzee Clem ni mbishi, na siku niliyompeleka kununua laptopu hapa mjini Burnie aliniudhi hasa. Mkewe alishafariki. Binti yake, Tamsin, yuko Darwin, mji wa mbali, na kila Jumapili alikuwa akipiga simu kumwelekeza jinsi ya kutumia kompyuta yake ya Windows. Mzee hupoteza picha, hubonyeza asipopajua, basi saa nzima wanaelekezana.

Ilipokufa ile ya zamani, Tamsin alimwambia, "Baba, safari hii nunua Mac kama yangu. Ni rahisi, hutahitaji kuniuliza kitu."

Dukani mzee aliifungua Mac, akaifunga, akaisukuma pembeni kama sahani ya chakula asichokitaka. "Nipe Windows," akamwambia muuzaji.

"Mwanao kakwambia nini?" nikamuuliza. Miguu ilishaniuma kwa kusimama.

"Kaniambia sitakuwa na la kumuuliza. Sasa Jumapili tuongee nini, mvua?"

Nikamwashiria muuzaji ailete.

Jumapili nilikwenda kwake kumsaidia kuiwasha. Nilimkuta kavaa shati la kutokea, na nyuma ya bahasha kaandika maswali manne. Simu ilipolia akaweka sauti kubwa.

"Si nilikwambia Mac, Baba?" Tamsin alisema. "Mimi Windows nimeshaisahau. Muulize jirani yako, si yupo hapo?" Akaaga.

Mzee akanisogezea bahasha bila kunitazama. Maswali matatu yalihusu kompyuta. La nne lilikuwa kama atakuja Krismasi.