Siku Gurudumu Lilipokula Kikwembe cha Mama Mukwe

Wandugu, hii aibu nawaelezea mimi mwenyewe kwa kinywa changu, sababu najua mukienda kuisikia kwa watu wa soko la Alunguli watawaongezea chumvi, na ile siku haikuhitaji kuongezewa kitu.

Mimi ni Amisi, mwenye ile gari ya jipu ya zamani, muke wangu ni Zaina, na mama yake Zaina anaitwa Mama Mauwa. Namna munavyojua, kwetu mama mukwe ni mutu wa heshima kubwa: hauli naye sahani moja, haumtazami machoni, ukimukuta njiani unapunguza sauti na kusogea pembeni. Mukumbuke hilo, tafadhali, tunapoendelea.

Katika kiwanja cha Mama Mauwa kulikuwa na karavani, ile nyumba ndogo ya kuvutwa nyuma ya gari. Wazungu waliokuwa wakitengeneza barabara walimwachia baba mukwe aichunge, halafu vita ikaja na wenyewe hawakurudi. Nyumba ya familia ilipochomwa, wakahamia ndani ya karavani. Baba mukwe alitoa magurudumu yake, akayasukuma mpaka mto Lualaba akayatupa, na karavani akaikalisha juu ya magogo, sababu alisema waaskari wanabeba kila kitu chenye kinaweza kutembea. Humo Mama Mauwa alilala na watoto wake miaka yote ya vita. Baba mukwe yeye alishika baiskeli akaenda upande wa kijiji cha Kama, kwenye machimbo ya dhahabu, kutafuta namna ya kulisha watoto, akashikwa na homa akafa, akazikwa na watu ambao hawakumujua hata jina. Habari ililetwa na muchuuzi mmoja aliyeitambua baiskeli yake. Njia ilikuwa imefungwa, na hakuna mutu wa familia aliyeweza kwenda kulia kule.

Sasa Mama Mauwa amezeeka, nyonga zake hazikubali pikipiki, na ile njia ya Kama munaijua wenyewe, mashimo yake yanaweza kumeza mbuzi. Siku moja alimwambia Zaina (si mimi, mambo kama hayo haniambii uso kwa uso): «Mbele ya kufa, nataka kuona pale baba yako alilala.»

Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nikasikia, na kichwa changu kikawaka. Nitampeleka, nikasema, na nitampeleka akiwa amekaa kama malkia, ndani ya karavani ile ile, na Alunguli yote itajua kwamba Mama Mauwa ana mukwe. (Muone tayari: nilianza na mama, nikamalizia na jina langu.)

Lakini karavani ilitengenezwa kwa njia ya lami. Hata na magurudumu yake ya kwanza, madogo kama ya mukokoteni, tumbo lake lingefagia matope mpaka Kama. Kwa hiyo nikatafuta jante, yale machuma ya gurudumu, na mipira ya jipu, mipira mikubwa yenye meno, nikamwita rafiki yangu Feruzi, fundi wa kuchoma chuma, akatoboa matundu mapya, tukafunga. Karavani ikasimama juu kama kuku aliyeona nyoka. Tulizunguka tukiitazama, tukacheka kwa furaha, tukapeana mikono.

Feruzi akainama, akatazama chini, akasema: «Esie yake, kile chuma kinachoshika magurudumu mawili, imefungwa juu ya resori, zile springi. Tungeishusha chini ya resori, mwili wote ungepanda tena. Lakini hiyo kazi si ya leo.»

Na mimi nilikuwa nimekwisha kutangaza safari ya kesho yake asubuhi, nimeita majirani, nimemwomba imamu aje atuombee dua. Nikakunja ngumi, nikaipitisha kati ya mupira na mwili wa karavani.

«Ngumi inapita,» nikasema.

«Basi inatosha,» Feruzi akasema. «Kwani unataka kupitisha tembo?»

Zaina alikuwa mlangoni akitwanga sombe, majani ya muhogo. Akasimamisha mwichi. «Amisi, umepima ikiwa tupu. Tuite kwanza watu wapande.»

Nikamwambia: «Muke wangu, wewe pika, mambo ya magari uniachie.» Hilo neno, wandugu, lilinigharimu kila kitu, na mpaka leo Zaina analikumbuka vizuri kuliko siku ya ndoa yetu.

Asubuhi watu wakajaa. Imamu akaomba dua, fupi na nzuri, na tungeishia hapo tungepona, lakini mimi nikapanda juu ya ngazi nikatoa hotuba juu ya heshima ya wazazi. Mama Mauwa akapandishwa, wanawake wawili wakimuvuta na mmoja akisukuma, sababu mlango ulikuwa umepanda juu sana, akaketi kwenye benchi iliyo juu ya gurudumu, na kikwembe chake kipya, kitenge cha maua ya manjano, kikaning'inia mpaka chini. Zaina akaketi kando yake. Kisha jirani mmoja akauliza kama anaweza kuwasindikiza mpaka sokoni, na wa pili naye, na dada ya jirani na kapu lake la muhogo, na mama mmoja ambaye hata leo sijui ni wa nani. Ningekataaje, nikiwa nimetoka kusema yale yote? Nikasema pandeni, pandeni, nyumba ni yenu. Kila aliyepanda, karavani ilikaa chini kidogo, na mimi tayari nilikuwa nimeketi nyuma ya usukani nikirekebisha kofia.

Tukatoka. Walikuwa wakiimba kule nyuma. Nikasikia kitu kinanguruma, nikasema ni wimbo. Nikasikia harufu ya mupira unaoungua, nikasema kuna watu wanachoma takataka. Tulipokaribia soko nikasikia wanawake wanapiga kelele, kelele kali ya juu, na mimi, wandugu, mimi nikafikiri ni vigelegele. Nikapiga honi kuwajibu. Wakaongeza, na mimi nikaongeza. Watu wa pembeni wakawa wananipungia mikono wakisema simama, simama, na mimi nikawapungia mikono kama mutu aliyeshinda uchaguzi.

Ni kijana wa pikipiki aliyekata mbele yangu. «Papa, uko na wazimu? Unaua watu kule nyuma!»

Nikaruka chini, nikakimbia, nikafungua mlango kwa nguvu. Mipira ilikuwa imesugua sakafu tangu tulipotoka nyumbani, na zile mbao zilizooza kwa miaka juu ya magogo zilikubali mara moja. Chini ya benchi palikuwa na tundu, kikwembe cha Mama Mauwa kimepita ndani ya tundu na kujizungusha kwenye gurudumu, chote, mpaka pindo la mwisho. Na Mama Mauwa alikuwa amesimama kwenye kona akishikwa na Zaina, amevaa libaya lake la juu na gaguro fupi la ndani tu, mbele ya macho yangu, mimi mukwe wake.

Nikageuka kama mutu aliyepigwa kofi. Nikavua kanzu yangu nikabaki na singleti, nikaanza kurudi kinyumenyume ili nimupe bila kumutazama, mkono mmoja nyuma, mwingine juu ya macho, nikakosa mlango, nikajikwaa kwenye chuma cha kuvutia, nikaketi ndani ya beseni ya mawese ya mama mmoja muuzaji. Mawese yakanipanda mpaka mgongoni. Soko lote likacheka. Hata imamu, aliyekuwa akitufuata kwa miguu, aligeuza uso, na niliona mabega yake yanatikisika.

Zaina aliichukua kanzu, akafunga mlango. Nikaketi chini kando ya karavani, mgongo kwenye ukuta wake, nikingoja ardhi ipasuke. Haikupasuka. Baadaye sauti ya Mama Mauwa ikatoka dirishani juu ya kichwa changu, sauti ya chini, na ndiyo mara ya kwanza alisema nami maneno mengi.

«Mukwe, uko hapo?»

«Niko, mama. Nisamehe.»

«Kikwembe ni kitambaa tu. Lakini sakafu ilipopasuka na ule moshi kuingia, mimi sikuwa tena sokoni. Nilikuwa wakati ule wa vita. Nilimushika Zaina nikataka kumuficha chini ya benchi, kama alipokuwa mutoto. Nikakuita. Nikakuita sana. Nikasikia unapiga honi.»

Kicheko cha soko nilikuwa nimekibeba, mawese nimeyabeba, lakini hilo halikuwa na pa kushika. Mwanamuke alikuwa akiniita kwa woga, na mimi nikamjibu kwa sherehe yangu.

Wanawake wakashuka, karavani ikapanda tena juu ya mipira yake (ngumi ilipita vizuri kabisa, kama jana), nikaivuta mpaka nyumbani polepole, na nusu ya soko ikitusindikiza kwa miguu. Nilitaka kuirudisha juu ya magogo na kuisahau. Kwa juma zima nikimuona Mama Mauwa kwa mbali nilizunguka nyuma ya nyumba. Halafu akanitumia mjomba yake Zaina na maneno haya: «Mwambie atengeneze. Bado nataka kwenda.»

Tukatengeneza. Tukaishusha esie chini ya resori, tukakata zile mbao zilizooza, Feruzi akafunika magurudumu kwa bati nene, na Zaina ndiye aliyesimamia majaribio: aliijaza karavani mifuko ya mchanga, akaita majirani wale wale wapande, akawaamuru waruke wote pamoja, naye akiwa amelala juu ya mukeka akitazama chini. «Bado,» alisema. Tukainua tena. «Sasa, sawa.»

Kule Kama tulifika tukiwa tumejaa matope mpaka masikioni. Mama mmoja aliyekuwa akipikia wachimbaji wakati wa vita alimukumbuka mutu wa baiskeli aliyekufa kwa homa, akatuonyesha mahali, nyuma ya migomba, penye jiwe moja tu. Mama Mauwa akaketi pale, mimi na Zaina tukasimama mbali. Alilia kilio cha miaka yote ile, kwa sauti, bila kujificha, na hakuna aliyemuharakisha.

Wandugu, mimi nimeapa. Gari nitaipima ikiwa imebeba mizigo na watu, na atakayesema inatosha ni Zaina. Na yeyote akipaza sauti nyuma yangu, hata kama ni furaha, nitazima mashine, nitashuka, nitauliza kwanza. Wanaonicheka kwamba ninasimama sana njiani, wacheke. Hawakuwa kwenye ule usukani.