Siku Kumi na Nne za Mama Achola

Watu wa Nakuru waliopiga simu ofisi za serikali miaka ile walimjua Adero kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Ilikuwa sauti nzito, isiyo na haraka, na ikiuliza, "Ndiyo, nani wewe na unamtaka nani?" wakulima wa Kabazi walivua kofia huku wameshika simu. Waliokuja baadaye ofisini kumwona walitafuta mtu mrefu mwenye mabega. Walioneshwa mama mfupi, mnene kiasi, ameketi mbele ya swichibodi, ule ubao wa matundu na nyaya, akichomoa hapa na kuchomeka pale kama anayesuka nywele za mtoto mkaidi.

Alianza kazi hiyo mwaka wa mwisho wa mkoloni. Alimwona mkubwa wa mwisho Mzungu akifunga sanduku, akamwona mkubwa wa kwanza Mwafrika akizungukazunguka juu ya kiti alichoachiwa kujaribu kama kinazunguka kweli, na wote wawili aliwaunganisha kwa wake zao kwa adabu ile ile. Kwa hiyo mwaka wa sabini na tatu, msimamizi wa chumba cha simu alipostaafu na kwenda kulima, hakuna aliyeuliza nani atashika nafasi yake. Chepchirchir, opareta mwenzake, alianza hata kumwita "Madam" kwa mzaha, na Adero alikataa kwa namna ya mtu anayetaka aitwe tena.

Jumatatu moja tangazo likabandikwa ukutani. Msimamizi mpya ni Bwana Obura.

Obura alikuwa kijana mpole wa mwaka mmoja kazini. Adero ndiye aliyemfundisha kutofautisha waya mwekundu na wa kijani. Obura alilisoma lile tangazo, akalisoma tena, kisha akaja kusimama mbele ya Adero kama aliyevunja sahani.

"Mama, hata mimi nimeshtuka," alisema.

Adero alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa ofisi, Bwana Wasike. Huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na woga wake aliuvisha tai. Alimkaribisha kiti, akapanga kalamu zake, akazipanga upya.

"Mama Achola, wewe ni mama," alianza. "Uko na watoto. Mtoto akigonjeka utaomba ruhusa. Tena msimamizi anabaki mpaka jioni. Mzee wako atasema nini?"

"Mzee wangu anaendesha lori ya viazi kutoka Molo. Jioni hayuko nyumbani hata kama angetaka kusema."

"Na je, ukipata mwingine?"

"Mwingine nani? Mzee?"

"Mtoto, mama. Mtoto."

"Bwana Wasike, mimi niko na miaka arobaini na sita. Achola mwenyewe ameolewa."

Bwana Wasike alikohoa. "Serikali," alisema, "inaangalia mbele."

Adero alirudi kwenye swichibodi yake. Siku hiyo watu wengi waliunganishwa na watu wasiowataka. Aliona aibu, ile aibu ya kulia bila machozi, na kwa wiki nzima hakumweleza mtu, hata mumewe. Alipopika, sufuria zilisikika mpaka kwa jirani.

Jumanne ya wiki iliyofuata alipeleka barua kwa Wariara, karani wa masjala, mama mwembamba aliyejua kila faili ilipolala. Wariara alimtazama juu ya miwani.

"Bado hujapeleka malalamiko?"

"Malalamiko gani?"

"Kuna waraka. Mtumishi akinyimwa cheo kwa sababu ya kubaguliwa, anaandika malalamiko. Lakini ni siku kumi na nne tu tangu tangazo. Mkuu wa ofisi ayapokee ofisini kwake, ayagonge muhuri kwa mkono wake, ndiyo yaende Nairobi. Siku zikipita, hata ukilia damu, wanasema ulikubali."

Adero alihesabu kwa vidole. Ilibaki mpaka Jumatatu, ofisi ikifungwa.

Aliandika usiku huo huo, ukurasa mmoja, bila matusi, ingawa mawili matatu yalipita karibu. Asubuhi alibisha kwa Bwana Wasike. Bwana Wasike hakuwepo. Ameenda Naivasha kikazi, alisema tarishi. Alhamisi yuko Naivasha bado. Ijumaa amepitiliza, hakuna ajuaye wapi. Ndipo Wariara alipomnong'oneza kwamba mkuu aliuona ule waraka juu ya meza ya masjala siku ya Jumanne, akauliza ni nani aliyeutoa kabatini, akafungia muhuri ndani ya droo na kuondoka na ufunguo mfukoni.

"Ananikimbia!" Adero alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya tangazo alicheka. Mtu anayekukimbia, hata akiwa mkubwa, tayari amekupa heshima fulani.

Jumamosi fununu ikaja kwamba gari la ofisi limeonekana Molo. Adero alibadilishana zamu na Chepchirchir, akapanda lori la mumewe, Nyagudi, lililokuwa likipanda tupu kwenda kubeba viazi. Nyagudi aliendesha hadi walipoanza kuona ukungu.

"Kwa hivyo tunaenda kumkamata mkubwa wako," alisema.

"Kumpa barua tu."

"Na akikataa?"

"Wewe endesha."

Molo kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Gari la serikali, lile la rangi ya kijivu, lilikuwa limesimama nje ya nyumba moja ya mbao, na mlangoni alisimama mwanamume mwenye koti zito na kofia ya sufu iliyovutwa mpaka shingoni, imebakiza macho tu. Kimo ni kile kile. Tumbo ni lile lile. Adero aliruka kutoka kwenye lori kabla halijatulia, akamshika mkono, akamtia barua kiganjani.

"Leo utanipokea!"

Mwanamume yule hakukimbia. Aliifungua barua, akaisoma yote pale pale baridini, akitikisa kichwa kila baada ya mistari michache. Kisha akavua kofia. Alikuwa mtu tofauti kabisa, mzee wa makamo mwenye pengo.

"Mama, hapa uko na haki kabisa," alisema kwa huzuni ya kweli. "Lakini mimi ni wa kondoo. Naogesha kondoo, na gari hili ni la idara ya mifugo. Ukitaka nitaweka sahihi hata mimi."

Nyagudi alicheka kutoka Molo mpaka Njoro. Adero alitazama dirishani, amekumbatia barua yake, na viazi vikigongana nyuma yao.

Jumapili aliamua kuacha. Alitangaza hivyo wakati wa chai, kwa sauti ya mtu mwenye busara: kazi ni kazi, mshahara unakuja, ya nini kufukuzana na watu wazima. Nyagudi alijimiminia chai nyingine. Lakini mama mkwe wa Adero, ambaye kwa miaka yote ya ndoa hiyo hakuwahi kumsifu hata kwa ugali, aliweka kikombe chini.

"Wakati ule ulipoolewa nilisema huyu mwanamke ni mkaidi, atamsumbua mwanangu," alisema yule bibi. "Nimevumilia ukaidi huo miaka ishirini na tano. Sasa siku ukaidi huo una kazi ndiyo unautupa?"

Jumatatu Adero alifika kazini mapema. Mlango wa mkuu ulikuwa umefungwa. Saa sita ikapita, chakula kikapita. Obura alikuja kuketi karibu naye, akamletea chai ambayo hakuiomba. Saa kumi na kitu taa ndogo ikawaka kwenye ubao. Simu ya nje.

"Ndiyo, nani wewe na unamtaka nani?"

"Ah, hapa ni Nairobi," ilisema sauti nyembamba ya ajabu, kama ya mtu aliyebanwa pua. "Nataka kusema na tarishi. Ni jambo la kikazi."

"Nairobi sehemu gani, bwana?"

"Nairobi... makao makuu. Nataka kujua kama yule mama wa simu ametoka au bado yuko."

Nyuma ya sauti hiyo cherehani ilikuwa ikinguruma, kisha ikanyamaza, na sauti nyingine, ya mzee aliyeuma pini mdomoni, ikasema wazi kabisa: "Simama vizuri, Bwana Wasike, usijitingishe, suti itaharibika!"

Simu ikakatwa. Adero alivua visikizio taratibu, akavikabidhi kwa Chepchirchir, akachukua barua yake.

Nakuru nzima iliijua sauti ya fundi Mohinder Singh, na duka lake halikuwa mbali, ukivuka barabara na kupita chini ya miti ya jakaranda. Adero alipoingia, Bwana Wasike alikuwa amesimama juu ya kibao katikati ya duka, amevaa koti lenye mkono mmoja, na nyuzi nyeupe za kushikizia zikimzunguka kila upande. Suruali ya suti ilikuwa na mistari ya chaki, haina kifungo hata kimoja, naye ameishikilia kiunoni kwa mkono. Alipomwona Adero aliruka nyuma ya pazia.

"Bwana Wasike, nimekuja."

"Bwana Wasike hayuko," lilisema pazia.

Mohinder alitazama pazia, akamtazama Adero, akatoa pini mdomoni. "Mama, mimi fundi tu," alisema. "Mambo ya serikali mimi hapana jua."

Pazia likafikiri kidogo, kisha likajaribu njia nyingine. "Mama Achola, malalamiko yanapokelewa ofisini. Waraka ndivyo unavyosema. Hapa ni kwa fundi."

"Sawa mzee. Basi twende ofisini."

"Na suti hii? Haijaisha. Suruali yangu bado inapigwa pasi. Itachukua muda. Pengine mpaka jioni."

Adero alitazama meza ya pasi. Suruali ya kila siku ya Bwana Wasike ilikuwa imelala pale, imenyooka, imekunjwa, bado ina joto. Aliiinua. Mfukoni ufunguo ukalia.

"Mzee Mohinder, hii si imeisha?"

"Imeisha, mama," alisema Mohinder, kwa maana hakuwa mtu wa kusema uongo juu ya kazi yake.

"Bwana Wasike, suruali yako utaikuta mezani kwako. Mimi natangulia."

Alivuka barabara na ile suruali ameilaza mkononi kwa heshima, kama anayebeba nguo ya askofu. Nje ya soko, Wangeci, aliyemuuzia mboga siku zote, alimwita kwa sauti.

"Mama Achola! Hiyo suruali ni ya mzee?"

"Hapana!" Adero alijibu bila kusimama. "Ni ya mkubwa wa ofisi!"

Alikuwa amepita hatua kadhaa ndipo aliposikia alichokisema. Nyuma yake soko lilikuwa limenyamaza. Ikawa kazi ya Nyagudi, kwa miezi kadhaa, kueleza kila mahali lori liliposimama.

Suruali aliiweka mezani kwa Bwana Wasike, ufunguo ukiwa mfukoni vile vile. Hakuugusa. Aliketi kiti cha mgeni, akangoja. Wafanyakazi wote walipata sababu ya kupita mlangoni.

Kwanza zikasikika hatua, moja ya kawaida na moja ya kuburuta. Bwana Wasike akaingia na ile suti yake, mguu mmoja wa suruali umepindwa, mwingine unafagia sakafu, koti la mkono mmoja, mstari wa chaki mgongoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kiunoni na hakuthubutu kuuondoa.

"Muda umekwisha," alisema akihema.

"Chepchirchir!" Adero aliita. "Uliza Posta saa ngapi!"

Kutoka chumba cha simu ikaja sauti: "Posta wanasema bado dakika tatu!"

Bwana Wasike alitazama watu mlangoni. Kwa mkono mmoja akatafuta ufunguo kwenye suruali iliyo mezani, kwa mkono huo huo akafungua droo, akatoa muhuri. Muhuri unataka wino, na kibweta cha wino kina kifuniko, na kifuniko hakifunguki kwa mkono mmoja. Alijaribu kwa kiwiko. Alijaribu kwa kidevu. Hakuna aliyecheka, ila Wariara, aliyekuwa na kikohozi cha ghafla. Mwishowe Adero mwenyewe alisimama, akamfungulia kile kifuniko.

"Asante, mama," alisema Bwana Wasike, na akagonga.

Jibu la Nairobi lilikuja baada ya mvua za mwaka uliofuata, kwa maana waraka ule uliwawekea siku walalamikaji tu, wakubwa haukuwawekea. Walimtuma mtu, akahoji kila mmoja. Obura aliulizwa kama anaiweza kazi ya msimamizi. "Naiweza," alisema, "kama mama yuko karibu. Nikikwama namwuliza." Yule mtu aliandika maneno hayo, na nadhani hakuandika mengi zaidi. Obura alihamishiwa Naivasha kwa ombi lake, akafurahi sana. Bwana Wasike hakufukuzwa. Alipewa onyo, na tangu siku hiyo alimwamkia Adero kabla hajaamkiwa.

Wiki ya kwanza ya usimamizi ilimshinda Adero. Alikuwa na meza yake na kiti chenye mto, na hakuwa na la kufanya. Kila taa ilipowaka aliruka kuchomeka waya, mpaka Chepchirchir akamwambia, "Madam, kaa chini, hii ni kazi yetu." Alikaa. Alizoea polepole, kama mtu anavyozoea viatu vipya.

Lakini habari husafiri haraka kwenye nyaya kuliko barabarani. Maopareta wa Molo, wa Naivasha na wa mbali zaidi walianza kumtafuta wakati simu zilipopungua, sauti zikiwa chini chini. Mmoja amepitwa kwa sababu ameolewa, mwingine kwa sababu hajaolewa. Adero hakuwapa pole. Aliwauliza swali moja kwa ile sauti yake nzito:

"Tangazo lilibandikwa lini?"