Lori Tulilolifukuza Barabara ya Merti

Siku yangu ya kwanza kazini Isiolo sikupewa bunduki. Sajini wa kituo cha polisi aliniangalia kutoka kofia mpaka viatu, akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamjibu shule ya msingi.

"Na mbona unaongea na viatu vyako?" akauliza. Askari wakacheka. Nilikuwa kijana wa haya, ndiyo kwanza nimeshuka kutoka Meru. Akanionyesha mnyororo mzito wenye misumari mirefu. "Huyo ndiye bibi yako. Mbebe vizuri."

Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, wale waasi wenye bunduki wa kaskazini. Kazi yangu ilikuwa kuvuta mnyororo huo barabarani kwenye kizuizi, karibu na mji, gari linalokimbia likikaribia. Lakini misumari haisimamishi lori papo hapo. Tairi zikitoboka, lori lenye mzigo bado hubingirika mbele, na dereva asipokanyaga breki, amri ilikuwa apigwe risasi.

Baadaye nilihamishiwa doria, kwenye Landrova ya Sajini yule yule. Vijana wa leo hufikiri kufukuza gari ni kuongeza mwendo mpaka ulipite. Sisi hatukuweza kupita. Shifta walitega mabomu barabarani, na pembeni kwenye udongo laini ndiko kubaya zaidi. Kwa hiyo dereva wetu aliweka magurudumu yetu ndani ya alama za yule aliye mbele. Kama yeye amepita salama, na sisi tutapita. Shida ilikuwa vumbi. Ukimfuata mtu hivyo unakula vumbi lake lote, basi tulivua kofia zisipeperuke, tukajifunga vitambaa kichwani na usoni, tukabaki macho tu.

Asubuhi moja tulitokea kwenye njia ya ng'ombe, vitambaa tayari usoni, tukaona lori peke yake, likitoka upande wa Merti. Siku hizo magari yote yalisafiri kwa msafara, yakilindwa na askari. Lori la peke yake lilishukiwa. Sajini akalipungia mkono lisimame. Likaongeza mwendo.

Tukaingia kwenye alama zake. Sajini akaita kizuizini kwa simu ya upepo, ile mnayoiita redio. Inspekta ndiye aliyejibu.

"Lina nani?"

"Hatujui, Bwana. Limetuona, limekimbia."

"Basi ni wao. Misumari iko tayari na bunduki ziko tayari. Asiposimama, huyo dereva haingii mjini."

Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika chuma nisirushwe nje. Kuna jambo lilinisumbua, nikalizungusha kichwani kwa muda kwa sababu ya ile haya yangu. Mwishowe nikamgusa Sajini begani.

"Afande, huyu anakimbilia wapi?"

"Mbele. Huoni?"

"Mbele ni Isiolo, Afande. Ni kwetu polisi."

Sajini aligeuka. Akatutazama mmoja mmoja: vitambaa vyekundu kwa vumbi, macho, bunduki mkononi. Kisha akajishika uso wake mwenyewe.

"Mama yangu," akasema. "Tunafanana na nani sisi? Dereva, punguza mwendo. Mwachie."

"Tumwachie, Afande? Na ametukimbia?"

"Mwachie awafikie polisi anaowatafuta!" Akashika simu. "Bwana Inspekta, zuia bunduki. Simama barabarani na kofia yako, aione vizuri."

"Unataka nisimame mbele ya lori?"

"Pembeni kidogo, Bwana. Lakini kofia ionekane."

Tulikwenda polepole, masikio nje, tukingoja mlio wa risasi. Hatukuusikia.

Tulipofika, lori lilikuwa limesimama, tairi za mbele karibu ziguse misumari. Dereva alikuwa ameketi chini, ameshika mguu wa Inspekta. Alikuwa Jama, mtu wa Isiolo, aliyebeba ngozi kutoka Merti. Tairi ilimpasukia njiani, msafara ukamwacha. Alipotuona akapiga kelele:

"Ndio hao, Afande! Wapigeni!"

Askari wa kizuizi wakainua bunduki kutuelekea. Sijawahi kuona mtu akivua kitambaa haraka kama Sajini siku ile.

"Jama! Ni mimi, wewe!"

Jama akamkazia macho, bado amekamata mguu wa Inspekta. "Polisi gani anafunika uso kama bibi arusi?" akasema. Hata Inspekta alicheka.

Kuanzia siku hiyo Inspekta aliamuru kwamba anayefukuza gari aende uso wazi, na kofia ifungwe kamba chini ya kidevu. Niliifuata amri hiyo Garba Tula, nikaifuata Sericho nilipokuwa koplo, na nilipokuwa sajini niliwalazimisha wengine. Walilalamika sana kwa ajili ya vumbi.

Sasa nimestaafu, nakaa Wabera, hapa hapa Isiolo. Majuzi nilikwenda hospitali kwa ajili ya kifua. Daktari, msichana mdogo, alisikiliza mgongo wangu kwa muda mrefu.

"Mzee, ulivuta sigara sana?"

"Sijavuta hata moja. Nilikuwa nafuata malori."

Alicheka, akidhani namtania. Nilipotoka nilimkuta Jama kwenye benchi, mzee kabisa, akingoja kupimwa macho. Akasogea kunipa nafasi, nikaketi kando yake.