Bahari ya Bergen Ilivyofika Nyuzi Ishirini na Sita

Naapa kwa meno yangu yote yaliyobaki, na yamebaki ya kuhesabika: hiki kisa ni kweli tupu. Sijatia chumvi hata punje.

Kiangazi kile bahari ya Bergen ilipata joto kuliko ya Hispania.

Ndiyo. Bergen. Hii hii ya Norway, ya mvua.

Na aliyeipasha moto ni mimi.

Msicheke kwanza. Naitwa Eilif. Maisha yangu yote nimekata tiketi kwenye feri, sasa nimestaafu, nina muda mwingi na adabu kidogo. Kazi iliyobaki ni ya kujitolea. Kila asubuhi nashuka kwenye gati la kuogea la Skarveneset, natumbukiza kipimajoto baharini, kijana wa redio ananipigia, nasema hewani maji yana joto gani. Mji mzima unasikiliza huku unapaka siagi mkate.

Hakuna anayekagua. Kwetu ukisema bahari ni nyuzi kumi na nne, basi ni kumi na nne. Nani atakaa adanganye kuhusu bahari?

Sasa, kila kiangazi halmashauri inajaza bandari shughuli. Makonsati. Mashua za zamani zinazovuja. Watu wazima wanacheza ngoma wamevaa nguo za bibi zao. Mwaka ule wakaongeza Siku ya Kuoga: kwaya, bendi ya matarumbeta, meya, redio mubashara.

Lakini ingefanyika kwenye gati moja tu. Lile litakalotangaza maji ya joto zaidi asubuhi ya Ijumaa.

Tulikuwa wawili: sisi Skarveneset, na Kobbevika ng'ambo ya ghuba.

Mimi matarumbeta hayaninyimi usingizi. Shida ilikuwa shemeji yangu Halldis, mjane wa kaka yangu. Ana kibanda pale gatini, anauza vikeki vya umbo la moyo, vya moto, na jemu juu. Halmashauri ilishamwambia bila kupepesa: watu wasipokuja, mwisho wa kiangazi kibanda kinabomolewa, panawekwa sanamu.

"Sanamu ya nini, shem?"

"Ya upweke, wamesema."

"Si wakuache tu wewe usimame hapo? Bei nafuu."

Akanirushia kitambaa cha vyombo. Halafu akanipa mgongo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na hakuwa anacheka.

Hapo ndipo nilipoamua.

Yaani, sikuamua kudanganya. Niliamua tu kusaidia.

Jumatatu nikapima kihalali. Kumi na nne. Nikasema hewani, nikabaki kwenye laini kusikiliza wenzetu.

"Na Kobbevika?" kijana wa redio akauliza.

"Kumi na saba, mwanangu," ikajibu sauti tamu kama jemu.

Kumi na saba? Ghuba ile ile! Mpimaji wao, Ragnfrid, mwalimu wa kwaya mstaafu, namwona kwa macho yangu kutoka gatini kwetu, na kofia yake nyekundu. Samaki akipiga chafya kwake, kwangu nalowa.

Nikajisemea, hee! Huyu mama ananiletea za kuleta.

Jumanne nikatumbukiza kipimajoto kwenye kikombe changu cha kahawa iliyopoa.

Msininyooshee vidole! Kijana aliniuliza, "Mzee Eilif, kipimajoto kinasomaje?" Nikamwambia kinavyosoma. Hakuuliza kimezama wapi.

"Kumi na tisa."

Ragnfrid akasema ishirini.

Jumatano nikaongeza kahawa ya moto. Ishirini na mbili. Ragnfrid, ishirini na tatu.

Mji ukapagawa.

Jirani yangu akafuta safari ya Hispania. "Ya nini kwenda kubanana na watu kule," akasema, "na bahari ya moto iko mlangoni?" Nguo za kuogea zikaisha madukani. Profesa mmoja akaja redioni kueleza kwamba mkondo wa maji moto umejipenyeza kati ya visiwa. Alileta na ramani. Redioni! Mzee mwingine akaapa ameona kasa.

Na hakuna hata mmoja aliyekwenda kuchovya kidole. Kulikuwa na mvua.

Ijumaa, siku ya kuamua, nikajifanya nina kikohozi kibaya. "Anza na Kobbevika, mwanangu, nimeze dawa kwanza."

Ragnfrid akasita. Nikasikia kabisa anasita. "Ishirini... na tano," akasema.

"Ishirini na sita," nikasema. Kikohozi kikapona pale pale.

Tukashinda!

Jumamosi jua likatoka, na mtu wa Bergen akiona jua anavua nguo kabla hajauliza yuko wapi. Gati likajaa. Kwaya, matarumbeta, mbwa, bibi vizee na taulo zao. Mimi nilivaa sweta la sufu na kofia, nikasimama pembeni kama baba wa bibi harusi.

Meya akaruka wa kwanza. Chubwi!

Akaibuka. Midomo ilikuwa rangi ya bluu ya bendera yetu.

"Mheshimiwa, vipi maji?" kijana wa redio akamwinamia na kipaza sauti.

Meya akatutazama. Akatazama wapiga kura. Ishirini na sita zilishatangazwa.

"Ra... ra... raha tupu!"

Mji mzima ukamfuata.

Ndugu zangu, sijawahi kuona kitu kama kile. Watu wanatoka majini wamekakamaa kama samaki wa chumvi, meno yanagonga kuliko ngoma ya bendi, na kila mmoja anamsifia mwenzake.

"Karibu yanazidi joto, sivyo?" akasema bwana mmoja mwenye masikio ya zambarau.

"Mimi hata nimetoka jasho," akajibu mkewe. Jasho lile lilikuwa barafu, au karibu yake.

Nikakaribia kufa kwa kucheka. Kisha nikageuka kutazama kibanda.

Kitupu.

Halldis alikuwa amejaza sufuria mbili za chokoleti ya moto. Vikeki vimepangana mpaka dirishani. Watu wanapita, wananusa, wanameza mate, wanaendelea na safari. Nani anunue chokoleti ya moto, amkubalie jirani yake kwamba anasikia baridi kwenye nyuzi ishirini na sita?

Na mama wa halmashauri, yule aliyeleta habari ya sanamu, alikuwa amesimama pale pale, anatazama kibanda na kutikisa kichwa.

"Shemeji," Halldis akaniita, sauti imekwisha. "Mji wote uko hapa. Wote! Na hakuna hata mmoja anayenitaka."

Kicheko kikanikauka.

Hapo nikaona kofia nyekundu inapasua umati. Ragnfrid. Kaja na mashua kutoka ng'ambo, kachovya mkono majini njiani, na mkono wenyewe bado anaupuliza.

Kimenuka.

Lakini hakunishtaki. Angenishtakije? Yeye mwenyewe alisema ishirini na tano. Akachukua kipaza sauti, akatabasamu lile tabasamu la mwalimu.

"Wapendwa, ni haki kweli? Aliyetugundulia maji haya amesimama mkavu. Na mimi tangu tukiwa wadogo sijawahi kumwona Eilif akiingia baharini."

"Eilif! Eilif! Eilif!" umati ukaanza.

"Jamani, nina goti," nikasema.

"Wote tuna magoti!" mtu akapaza sauti.

"Nina moyo!"

"Maji ya moto ni dawa ya moyo," akasema yule profesa, kajifunga taulo, kawa kijivu kama saruji.

Wapiga matarumbeta wakaweka vyombo chini. Wakaninyanyua na sweta langu, na kofia yangu, na heshima yangu iliyobaki. Moja, mbili...

Jamani.

Sijui niwaelezeje. Maji yale hayakunilowesha, yalinichapa makofi. Nilihisi roho inapanda ngazi na kuniacha chini. Nilipoibuka nikafungua mdomo niseme "raha tupu" kama wastaarabu wenzangu, na mdomo ukasema ya kwake:

"MAMAAA! BARIDI! NI KUMI NA NNE! IMEKUWA KUMI NA NNE TANGU JUMATATU!"

Mubashara. Mpaka visiwani walisikia.

 

Kisha meya akaketi chini kwenye gati, akashika uso. "Asante Mungu," akasema. "Nilidhani nimepata kiharusi."

"Mimi sisikii miguu!" bwana wa masikio akalia.

"Mimi sikutoka jasho!" mkewe akakiri.

Na wote, kwa pamoja, wakageuza vichwa. Kuelekea kwenye moshi wa vikeki.

Waliukimbilia mlango wa kibanda kama feri ya mwisho inaondoka. Sufuria ya kwanza ilikwisha kabla sijafika kwenye ngazi. Mama wa halmashauri mwenyewe alisukuma bibi kizee mmoja. Alipopata kikombe chake akakikumbatia, akafumba macho, akasema, "Hiki kibanda akikigusa mtu, atanijua mimi ni nani."

Mimi nilikuwa bado nashikilia ngazi. Nikamwonyesha Ragnfrid kidole. "Na huyu? Muulizeni na huyu za kwake kazitoa wapi!"

Ragnfrid hakupepesa. "Kipimajoto changu kilizama mwaka juzi," akasema. "Nilikuwa nakusikiliza wewe redioni, nikishamaliza kucheka naongeza kidogo. Ijumaa uliniacha gizani, mshenzi wewe."

Hakusubiri kubebwa. Aliruka mwenyewe, na kofia, na gauni, akapiga ukelele wa sauti ya juu kabisa ya kwaya. Kijana wa redio alisema hajawahi kurusha kitu kizuri kama kile.

Halldis akatoka kibandani na kikombe. Nikanyoosha mkono. Akampa Ragnfrid.

"Wewe shemeji," akaniambia, "vikombe vya leo vyote ni juu yako. Kunisaidia nilikuomba lini?" Lakini safari hii mabega yake yalipotikisika, yalikuwa ya kicheko.

Ni kweli nililipa. Pensheni ya mwezi mzima ilinywewa na watu wenye midomo ya bluu. Na redio nayo ikaweka sheria yake: siku hizi mimi na Ragnfrid tunatangaza joto la maji tukiwa ndani ya maji, mpaka shingoni. Kijana anauliza, "Mzee Eilif, kinasomaje?" na hanikatii simu mpaka asikie meno yangu yanagonga.

Funzo ninalowaachia ni hili. Ukitaka kudanganya, danganya kuhusu mwezi, au nyota, au ujana wako. Usidanganye kamwe kuhusu kitu ambacho watu wanaweza kukubeba na kukutupa ndani yake.

Samahani kwa makosa ya uandishi. Vidole bado havijayeyuka.