Rangi ya Kifaru Kwenye Mkono wa Bi Harusi

Nimekosa, jamani. Nimemkosea binti yangu, nimemkosea mama yake, na zaidi nimemkosea Bi Mwanahawa, mchora piko, ambaye hakunifanyia lolote.

Mimi ni mtu mzima, nina shahada ya chuo kikuu, na ninakusanya vifaru vya vita. Vya plastiki! Naviunganisha kipande kwa kipande, navipaka rangi, navipanga juu ya friji pamoja na askari wake. Msicheke.

Siku moja kabla ya harusi ya binti, nyumba yetu ya Kariakoo ilijaa wanawake. Nikajificha stoo na kifaru kipya. Nikiwa katikati ya kupaka minyororo yake, rangi nyeusi ikaisha!

Bi Mwanahawa alikuwa ameshamaliza mkono wa kulia wa binti, akaenda kuswali. Bakuli la piko likabaki mezani. Nyeusi tii, laini! Nikachovya. Nikachovya tena. Minyororo ikapendeza, wee!

Kutazama bakuli, limebaki nusu. Nikajazia rangi yangu ya kijani cha jeshi, nikakoroga. Hapo nilijiona mjanja. Bi Mwanahawa akarudi, akachora mkono wa kushoto, mara binti akapiga kelele:

"Mama! Mbona huu wa kushoto wa kijani?"

Mke wangu akawaka. "Piko gani hii, Bi Mwanahawa? Umeinunua gereji?"

"Maharusi wote niliowachora mjini hapa, sijampaka mtu mchicha!"

Shangazi mtu akamwambia afungashe vyake aondoke. Na mimi, msomi, nimesimama mlangoni kimya!

Bi Mwanahawa akaangua kilio. Ndipo nikatamka, "Ni rangi ya kifaru."

"Ya nini, Baba Zuhura?"

"Kifaru."

Jamani! Nilipigiwa vigelegele vya kejeli mpaka majirani wakachungulia.

Tulisugua kwa mafuta ya nazi, wapi! Zuhura aliolewa mkono wa kushoto ukiwa ndani ya mtandio. Wakwe wakamsifu, "Ana haya huyu!" Kumbe anaficha vita vya baba yake.

Binti amenisamehe. Bi Mwanahawa bado. Nikimsalimia pale Msimbazi, ananipigia saluti mbele za watu: "Ndiyo, afande!"

Wenzangu, kusanyeni mnachopenda, ila cha harusi msikiguse. Na ukiharibu, sema hapo hapo, kabla asiye na kosa hajalia. Rangi ilitoka hata fungate haijaisha. Ule ukimya wangu pale mlangoni ndio hautoki.