Mtaalamu wa Ndugu za Watu

Mzee wetu wa Lidcombe, hapa Sydney, ametutoka Jumanne, na kabla hamjaanza kuulizana ni wa kabila gani, alikuwa Mzungu. Profesa mstaafu, mtaalamu wa undugu: nani humwita nani baba, nani huoa wapi, nani akila na mkwewe ni aibu. Jumapili nyingi alikuja kanisani kwetu Merrylands na daftari lake. Ibada ikiisha, sisi tukikimbilia sambusa, yeye alitukimbilia sisi. Mwanamume alimchora pembetatu, mwanamke duara, kisha mistari, hadi ukoo mzima ukajaa ukurasa.

Siku moja aliniuliza nina baba wangapi. Nikajibu watano. Mtu mwingine wa hapa Sydney angeniitia mkalimani, yeye alisema tu, "Wataje." Nikamtajia baba mzazi, baba wakubwa wawili, baba wadogo wawili. "Na shangazi je?" Lo! Kwetu shangazi ni baba wa kike, nami nilimsahau. Nilirudi nyumbani na fedheha yangu: Mzungu kanikumbusha baba yangu mwenyewe!

Mwaka huu miguu ilimgomea, akahamia nyumba ya wazee kule Auburn. Aliyemhudumia ni mama mmoja Mkongo wa kanisani kwetu, mwenye mdomo usio na breki. Daktari alikuwa ameshasema zimebaki wiki chache. Nami nilikuwepo siku mama alipomuuliza watoto wake wako wapi.

"Sina."

"Na ndugu yako hakuzaa?"

Akasema kaka yake, marehemu, aliacha binti, yuko Perth. Wao wawili waligombana wakanuniana mpaka kaka akafa, na binti hajamwona tangu utotoni. "Ni mtoto wa kaka tu," akamalizia.

Jamani! Mama aliweka taulo chini. "Mutoto ya kaka yako ni mutoto yako! Si weye mwenyewe unafundishaka watu ile mambo? Leta simu."

Mzee aliogopa. Sikuwa nimewahi kumwona vile. "Atakata," akasema. Lakini namba aliitoa.

Mama akapiga, kwa Kiingereza chake cha amri. "Baba yako anaumwa sana. Njoo." Binti akajibu kwamba baba yake alishakufa. "Aliyekufa ni mkubwa," mama akaeleza, kwa subira ya mwalimu wa chekechea. "Mdogo bado yuko. Fanya haraka." Simu ikakatwa, maskini binti alidhani ni matapeli. Mama akapiga tena. Na tena. Mara ya nne alimpa mzee simu, naye, bingwa wa mihadhara, akaweza kusema mawili tu: "Nisamehe, mwanangu."

Binti alifika baada ya siku mbili. Mapokezi wakamuuliza yeye ni nani wa mgonjwa, akasita. Mama akajibu toka mwisho wa korido, "Ni mutoto yake!" Binti hakukanusha. Alikaa naye siku nane, na mzee alikata roho mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti.

Nililia, sifichi. Mzee wetu aliujua undugu wa dunia nzima, na kidogo tu afe bila undugu wake mwenyewe, kwa kuogopa kukatiwa simu. Msomaji wangu, kama nawe una uliyemnunia, mpigie leo. Akikata, piga tena.