Neno la Kubeba Kwenda Japani

Mwanangu Evodia, kuna asubuhi moja ya Bisibo ambayo hainitoki kichwani. Nilitaka kukusimulia jana, ulipokuwa umeinamia simu ukirudia maneno ya Kijapani, lakini nilichoka nikalala. Sasa naandika. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo bibi yako akikosea umsamehe.

Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Baba alinitoa kwetu Kanazi akanipeleka Bisibo, kwa Mama Nyangoma, mjane mtu mzima, nimsaidie kulea mjukuu wake. Yeye alisema Kisubi, mimi Kihangaza. Lugha hizo zinafanana kwa mbali, kama watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, na hapo ndipo penye hatari: unashika nusu, unadhani umeshika yote. Tena nyumbani nilifundishwa kwamba mtoto hamwambii mkubwa "sielewi". Mkubwa akisema, unaitikia. Basi niliitikia kila kitu, wakanisifu kwamba nina adabu.

Asubuhi hiyo zilikuja habari kwamba kaka yake Mama Nyangoma amefariki kule Kaniha, na anazikwa siku ileile. Mjukuu naye alikuwa na homa, katoka zahanati na dawa za aina mbili. Mama, kanga ya msiba tayari kiunoni, akanieleza: hii mpe sasa, hii usimpe mpaka ale kwanza, na akianza kutetemeka mkimbize kwa jirani. Hayo nayajua kwa sababu nilielezwa baadaye. Wakati ule nilisikia "dawa" na "jirani" tu. Alisema kwa haraka, lakini nisimwonee. Mwenye msiba hasemi polepole.

"Umeelewa?"

"Ndiyo, Mama."

Akanitazama sana. Kisha, kwa sauti ileile na Kisubi kilekile, akaniuliza: "Na jioni nikirudi nitakukuta umeota mkia?"

"Ndiyo, Mama."

Jirani mwingine, aliyekuwa mlangoni akimsubiri waende wote mazishini, akaangua kicheko, pamoja na msiba wote ule. "Huyu tumfunge na mbuzi, mama! Majani yapo!"

Mama Nyangoma hakucheka. Alifungua kanga ile taratibu, akaketi kando ya mtoto. Akanisemesha Kiswahili, kile cha sokoni, neno moja moja.

"Binti, ungesema hujaelewa, ningerudia hata mara kumi, nikaenda kumzika ndugu yangu. Sasa sijui ndiyo yako ipi ni ya kweli. Siendi."

Na kweli hakwenda. Mtoto alipona. Mama hakunitajia tena jambo lile, ila likitajwa jina la Kaniha, alikuwa anainama chini. Mpaka leo sijui sehemu yangu ya kosa ilikuwa ipi, na ipi ya walionifundisha kuitikia. Nimeligeuza kichwani miaka mingi, na nimechoka kuligeuza.

Sasa wewe unakwenda Japani kulea wazee, kuwaogesha, kuwalisha, kuwapa dawa. Jana mwalimu wako wa kwenye simu alizungumza kwa kirefu, wewe ukawa unaitikia "hai, hai, hai", yaani ndiyo kwa Kijapani. Nikakuuliza amesema nini, ukacheka: "Sijui, Bibi, anaongea kama cherehani!" Ni kweli uliniambia hiyo "hai" yao wakati mwingine ni kumwonyesha mtu kwamba unamsikia tu, kwa hiyo huenda nakuonea. Lakini mzee wa watu aliyelala kitandani, anayesubiri umpe dawa sahihi, huyo atajuaje?

Salamu zao jifunze. Asubuhi "ohayoo gozaimasu", kushukuru "arigatoo gozaimasu", na ile "sumimasen" ya kuomba radhi na ya kumwita mtu. Ukienda kwa watu, salamu ndiyo hodi yako. Ila mbele ya zote weka "wakarimasen", sielewi, na "moo ichido onegaishimasu", naomba urudie. Ulimi wangu hauziwezi. Hapa nanakili ulivyoniandikia. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Watakuona mzito, pengine watacheka. Waache. Neno hurudiwa, mwanangu, mazishi hayarudiwi.

Leo asubuhi, kabla sijamaliza kuandika, nilikutuma shambani kwa maneno ya haraka. Ulifika mlangoni, ukageuka: "Wakarimasen, Bibi." Sijui kama ulikuwa unanitania. Nilirudia, na moyo wangu ukatulia kidogo.

Nenda basi. Mungu akutangulie njiani, awape wazee wa huko mikono yako mizuri, na wewe akupe mtu wa kukurudia neno bila kukuchoka. Nami ukinipigia simu kutoka huko, usiponisikia, usiitikie. Sema tu. Hata nikiwa nimechoka, nitarudia.